Shikamoo Iliyobaki Kwenye Ukungu

Ukungu wa kwetu una harufu. Watu wa Tanga mjini hunibishia nikiwaambia hivyo, lakini aliyekulia milimani juu ya Kwai hahitaji kuelezwa: ni moshi wa kuni za miwati, samadi ya ng'ombe na majani ya viazi yaliyolowa, vyote vimechanganyika na baridi inayopanda puani mpaka macho yanatoa machozi. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unashuka alfajiri na kukaa hadi saa nne, na ndani yake humwoni mtu, unamsikia tu. Kwa hiyo tulijuana kwa salamu. Ukisikia viatu vya mtu mzima njiani unatupa shikamoo yako kwenye weupe ule, marahaba inarudi, na kila mmoja anaendelea na safari yake bila kuonana sura. Usiposalimia, habari zako zinafika nyumbani kabla yako. Nilipokuwa darasa la sita, ukungu huo na salamu hizo ndivyo vilivyonifundisha uongo, na niliusomea kwa bidii kuliko somo lolote shuleni.

Nilikuwa na kaunta buku nililozawadiwa kwa kushika nafasi ya tatu darasani, na badala ya kuandikia masomo nilichora humo hadithi ya katuni. Shujaa wangu aliitwa Mwana wa Ukungu, kijana wa miaka kumi na miwili ambaye akiingia kwenye ukungu hapa anatokea popote anapotaka. Alilelewa ndani ya jabali na wazee wawili: Mzee Mwamba, aliyemfundisha nguvu, na Mama Chemchemi, aliyemfundisha kusikia. Walimkataza jambo moja tu, asishuke kwenye tambarare ya Mombo, kwa sababu huko ukungu unaisha na nguvu zake zinaishia hapo hapo. Mimi nilitaka ashuke. Huko chini kulikuwa na jitu la vumbi linalomeza visima vya watu, na bila yeye nani angepigana nalo? Basi ilibidi awadanganye wazee wake, nikamchora anaacha furushi la nyasi kitandani chini ya blanketi. Binamu yangu Tumaini ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza kabla kaunta buku halijazunguka darasa zima wakati wa mapumziko. Alinirudishia akiwa amekunja uso. Akaniuliza ni wazee gani hao wasioweza kutofautisha nyasi na mtoto, kisha akasema, "Wewe hujui kudanganya, ndiyo maana na yeye hajui."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa mtoto wa kuvunja kikombe na kwenda kujishtaki mwenyewe kabla sijaulizwa. Lakini pia nilikuwa mbishi, na darasa zima lilikuwa linasubiri ukurasa unaofuata. Nikaamua nitajifunza uongo hadi niujue kama jedwali la kuzidisha. Na mimi nilikuwa na wazee wangu wawili: Bibi, mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu, na Mwinjilisti, aliyetufundisha kipaimara kila Jumamosi asubuhi. Bibi aliisubiri siku yangu ya kipaimara kuliko nilivyoisubiri mimi. Alikuwa ameshaanza kunishonea gauni jeupe kwa mkono, sindano moja na uzi mmoja, ameketi karibu na dirisha kwa sababu macho yake yalikuwa yanataka mwanga.

Mwinjilisti alikuwa na utaratibu wake. Alisimama nje, hatua chache kabla ya mlango wa kanisa, na daftari la mahudhurio, sisi tukapita mmoja mmoja tukimsalimia, naye bila kuinua kichwa aliitikia na kuweka alama penye jina la sauti aliyoisikia. Tulikuwa zaidi ya sitini kutoka vijiji vitatu, na ndani tuligawanywa vikundi vya kukariri katekisimu, hivyo mmoja akikosekana benchi halionyeshi pengo. Jumamosi ya kwanza nilisema shikamoo, nikasikia marahaba, nikaona kalamu inashuka. Nikapiga hatua tatu mbele, ya nne nikakata kushoto ukutani, nikamezwa na ukungu. Nilikaa kwenye kibanda cha mbegu za viazi nyuma ya kanisa, nikachora ukurasa wote: Mwana wa Ukungu anasimama mlangoni pa jabali, anaamkia, na kabla marahaba haijarudi yeye ameshafika Mombo. Wazee wanaendelea na kazi zao wakijua mtoto yupo, kwa sababu shikamoo yake ipo. Tumaini aliusoma mara mbili, akaniuliza mwingine utakuwa tayari lini.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Sikuacha, kwa sababu jitu la vumbi lilikuwa bado hai na kibanda kile kilikuwa na mwanga mzuri. Nilikaa humo Jumamosi sita. Tukirudi nyumbani nilimwomba Tumaini, tuliyekuwa naye kwenye kipaimara, anipe sentensi moja ya somo la siku hiyo, na Bibi aliponiuliza tumefundishwa nini nilimkabidhi sentensi hiyo ikiwa bado ya moto. Alifurahi, akaniongezea magimbi kwenye sahani, akarudi kwenye gauni lake. Niseme ukweli, sikuona aibu hata kidogo. Nilijiona fundi.

Jumamosi ya saba nilisalimia kama kawaida, lakini kalamu haikushuka. Mwinjilisti aliinua kichwa, akaniambia nisimame pembeni hadi wenzangu wote waishe kupita. Kisha akafunga daftari.

"Wiki sita nimepokea shikamoo zako," alisema. "Kwaheri yako sijaipokea hata moja."

Kila mtoto, somo likiisha, alipita pale pale kumuaga, nami katika ufundi wangu wote sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anayesikiliza kuagwa. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Aliniambia mchungaji anakuja kutupima baada ya wiki mbili, na kwamba hajamwambia Bibi neno. "Kamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukishamwambia, uje kila jioni zizini kwangu, mimi nikamue na wewe unisomee. Usipomwambia, gauni lisubiri mwakani."

Ile njia ya kurudi niliijua kwa miguu, lakini siku hiyo nilijikwaa mara tatu. Nilitafuta kichwani ukurasa ambao Mwana wa Ukungu anarudi kwa wazee wake kusema alichofanya, nikakuta sijawahi kuuchora. Bibi alikuwa anashona pindo. Nilipiga magoti nikamwambia yote, kuanzia furushi la nyasi mpaka magimbi. Alichoma sindano kwenye kitambaa akaiacha hapo. "Umenifanya mjinga, mjukuu wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ningependelea fimbo. Nililia. Aliniacha nilie, kisha akanituma nikalete hilo kaunta buku nimsomee, maana herufi ndogo hakuziona. Nilimsomea ukurasa baada ya ukurasa, nikimweleza kila picha. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Na huyo mama wa jabalini, hajui kweli?"

"Hajui, Bibi."

"Mwe. Jioni zote hizo alikuwa anampikia nani?"

Wiki mbili zile nilikariri katekisimu nzima kwenye zizi la Mwinjilisti, maziwa yakichuruzika ndooni na ng'ombe wake mweusi akinipigapiga na mkia. Siku ya kupimwa mchungaji aliniuliza amri ya nane, ile ya uongo, na mpaka leo naamini Mwinjilisti alikuwa na mkono wake hapo. Nilijibu kwa sauti iliyosikika hadi nje. Nilipata kipaimara nikiwa na gauni la Bibi, na katuni niliimaliza upya: Mwana wa Ukungu anarudi na vumbi miguuni, anakuta sahani yake imefunikwa, na chakula bado kina joto.

Sasa ninachorea vitabu vya watoto hapa hapa Lushoto mjini, kwa kompyuta, na ukungu siku hizi unachelewa kuja na unawahi kuondoka. Binti yangu yuko chuoni Tanga. Kila siku saa moja asubuhi ananitumia shikamoo kwa sauti kwenye simu, naitikia marahaba, nakaa kufanya kazi nikiwa na amani. Wiki iliyopita niliirudia kuisikiliza kwa sababu tu nimeikumbuka sauti yake, nikasikia jogoo anawika nyuma na ndoo inaanguka. Nikafungua ya jana yake. Jogoo yule yule, ndoo ile ile. Siku kumi na mbili mfululizo, ndoo inaanguka pale pale. Nilicheka kwanza, maana kazi ilikuwa safi: shikamoo moja iliyorekodiwa, inatumwa kila asubuhi. Sijui yuko wapi asubuhi hizo, na sijamwambia baba yake. Jumamosi nashuka Tanga kwa basi la kwanza, bila kumpigia simu. Nitagonga mlango wake, nitampikia, nitasikiliza chochote atakachotaka kuniambia, na jioni nitasimama kituoni mpaka aniage.