Cheti cha Kuongea na Kulwa

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja pale mwaloni, kwenye machimbo ya Segese, tulikuwa tunaosha mchanga wa dhahabu. Jua lilichoma mpaka maji ya ndoo yalifuka mvuke kama chai. Ndipo Mzee Petro alipotupa habari ambayo niliimeza nzima nzima. Alisema mtu akisomea siasa mpaka mwisho, huko juu kabisa, anaingizwa kwenye chumba, anaweka mkono juu ya katiba na kuapishwa. Kuanzia siku hiyo haruhusiwi kuongea na mtu asiye na cheti cha kidato cha nne. Salamu anaweza kuitikia. Lakini akizidisha neno moja, hata la kuulizia mvua, anapokonywa digrii zake moja moja, ya tatu, ya pili, ya kwanza, mpaka anarudishwa darasa la saba akakae na watoto.

Cheka tu, nimeshazoea. Mzee Petro alikuwa mwenye duara, shimo refu kuliko yote Segese. Ukidondosha jiwe asubuhi unalisikia likitua baada ya chakula cha mchana. Tena ndiye peke yake aliyekuwa na redio ya betri sita. Mtu wa namna hiyo akikuambia jambo la serikali, mimi mwosha mchanga wa darasa la saba ningembishia na nini?

Wenzangu walicheka wakaendelea na kazi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na mtu wangu huko juu.

Mtu huyo ni Kulwa, tuliyekua naye kijijini Samuye. Yeye na dada yake Doto ni mapacha, na mimi nilizaliwa mwaka uleule, nyumba ya tatu kutoka kwao. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka mfuko mmoja. Kulwa alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Karatasi iliyofungia sukari aliisoma, gazeti lililobandikwa ukutani kwa kinyozi alilisoma mpaka kinyozi akamfukuza. Tulipomaliza darasa la saba yeye alichaguliwa sekondari, mimi nikachaguliwa na dhahabu. Sikuona uchungu. Nilimbebea sanduku mpaka stendi, na kwa uzito wake nadhani alikuwa amepakia darasa zima.

Akaenda sekondari, akaenda chuo kikuu, akasomea sayansi ya siasa. Akapelekwa nchi ya baridi kusomea digrii ya tatu, na huko ndiko alikokuwa siku ile Petro alipotuambia habari za kiapo. Alikuwa akiniandikia barua. Alinieleza kwamba maprofesa wazungu wanamuuliza anataka kuchunguza nini, naye amewajibu: mikutano ya kijiji ya Usukuma. Alitaka kujua kwa nini watu wa kwetu wanamlalamikia mwenyekiti wiki nzima wakiwa nyumbani, halafu siku ya mkutano wanamnyooshea mikono wote. Mwisho wa kila barua aliandika, "Masele, huku hakuna wa kuongea naye. Niandikie."

Barua tatu nilikuwa nimemjibu kabla ya siku ile ya mwaloni. Baada ya hapo sikujibu hata moja. Zilikuja nyingine kumi na moja, nikazitunza kwenye kopo la biskuti, nikajiambia: Masele, wewe huna cheti. Ukimjibu akajibu, mtoto wa watu anarudi darasa la saba. Nilimnyamazia kwa mapenzi, mwanangu, na mapenzi yenyewe yalikuwa makubwa kama mlima.

Sasa nikupe sehemu inayoniuma.

Alirudi akiwa daktari wa siasa, akaanza kufundisha chuo kikuu. Haukupita muda mrefu mama yake akafariki, tukakusanyika Samuye kuzika. Kwetu, rika lako akifiwa na mama huna kazi nyingine: unakaa naye kwenye mkeka mmoja, unamwita kwa jina lake, mnanyamaza wote. Mimi nilikwenda kukaa na wazee waliokuwa wakiangalia ng'ombe nyuma ya boma, mbali kabisa. Ni yeye aliyenitafuta. Alikuja na suti yake yenye vumbi, macho mekundu, akaninyooshea mkono.

"Mwadila, Masele," akanisalimu kwa Kisukuma. "Mama ametuacha."

Nyuma yake alisimama mtendaji wa kata. Nikawaza, huyu ndiye shahidi, akisikia tunaongea ataandika. Nikavua kofia, nikainama.

"Shikamoo, Daktari."

Unanielewa, mwanangu? Mtu wa rika langu, niliyekula naye mfuko mmoja, nilimpa shikamoo. Huwezi kumwamkia rika lako hivyo isipokuwa unamtania, au unamwambia kwamba yeye si wa kwenu tena. Wazee waligeuza nyuso. Mmoja akanong'ona, "Huyu Masele amelewa?" Kulwa hakuitikia marahaba. Mkono wake ulibaki hewani muda ambao ungetosha kupika ugali, kisha akaushusha, akarudi kwa wafiwa. Na mimi, maskini, nilirudi Segese nikijisifu njia nzima kwamba nimemwokolea digrii tatu.

Barua zilikoma mwaka uleule.

Miaka ikapita, mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Kulwa akawa profesa. Vijana waliosoma kwake wakawa wakuu wa wilaya, walimu, mmoja alikuja mpaka Segese kukagua migodi akanitajia jina la Kulwa kwa heshima, nami nikajifanya simfahamu. Mke wangu alifariki. Mapafu yakachoka na vumbi la karasha la kusagia mawe, binti yangu Neema akanichukua nikaishi kwake Kalangalala, pale Geita mjini. Nyumba nzuri, ina runinga kubwa kama mlango wa ghala. Lakini kutwa nzima Neema yuko dukani, wajukuu wako shule, na mimi nakaa na runinga inayoongea bila kuniuliza kitu. Siku moja nilijikuta nimetoa kopo la biskuti, nasoma barua za mtu aliyekuwa mpweke nchi ya baridi, nami mpweke kwenye joto. Nikasema, basi. Nitatafuta cheti.

Nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mwalimu wangu alikuwa mdogo kuliko koti langu. Hesabu ilinipiga mweleka mara mbili mbele ya watu. Baiolojia ilinionyesha viungo ambavyo sikujua kuwa ninavyo tangu nizaliwe. Lakini somo la uraia nililishika kama mali ya urithi: dola, katiba, uchaguzi, mihimili yote mitatu. Niliposoma kuhusu mikutano ya kijiji nilifunga kitabu kwanza nikapumua. Sikumwambia mtu kwa nini nasoma. Neema alidhani ni uzee.

Nilifaulu mwaka wa tatu. Neema alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, hiyo divisheni foo unaibeba kama kombe la dunia!"

"Niache, mama. Hujui inafungua mlango gani."

Nikampigia Doto simu Samuye, nikamuuliza kaka yake yuko wapi. Alishangaa, maana tangu msiba ule sikuwahi kumuuliza. Akasema Kulwa amestaafu chuo kikuu, mkewe alishatangulia, watoto wako ng'ambo. Sasa anafundisha kwa mkataba kwenye tawi la chuo pale Shinyanga mjini. "Jumapili anakuja hapa," Doto akasema. "Anakaa, anaangalia ng'ombe, anaondoka. Watu wanampa shikamoo wanapita. Rika lenu nalo limekwisha, mmebaki wachache."

Nikapanda basi, cheti nimekitia kwenye bahasha ya plastiki. Getini nilimwonyesha mlinzi.

"Hiki cha nini, mzee?"

"Cha kuongea na Profesa Kulwa."

Akakiangalia, akaniangalia. "Ongea naye tu, mzee wangu. Yuko ukumbi wa pili, anafundisha. Kaa nyuma, hafukuzi mtu."

Nikaingia, nikakaa kiti cha mwisho. Alikuwa amekonda, miwani minene, kalamu ya ubaoni mkononi. Vijana kama mia hivi, kwangu walionekana elfu moja. Aliwauliza mamlaka yanatoka wapi. Binti mmoja akasema kwenye katiba. Kijana akasema kwenye bunduki, ukumbi ukaangua kicheko. Kulwa akatabasamu kidogo, akasema taratibu ili waandike: "Mtu anaweza kutiiwa bila kutoa amri hata moja. Inatosha wengine waamini kwamba ameitoa." Nikaandika na mimi, nyuma ya tiketi ya basi, kama mwanafunzi.

Kipindi kilipokwisha walitoka wote kwa kelele. Yeye alibaki akifuta ubao, polepole, kama mtu asiye na pa kuwahi. Alipogeuka akaniona. Nadhani alingoja nimpe shikamoo nyingine.

Nikamnyooshea bahasha kwa mikono miwili. Akatoa cheti, akakisoma, akakisoma tena.

"Hongera, Masele. Uraia umepata vizuri kuliko wengi wa hawa."

"Sasa naruhusiwa?"

"Kufanya nini?"

"Kuongea na wewe."

Akavua miwani. Nikamweleza yote: Petro, chumba, kiapo, barua kumi na moja, mtendaji wa kata. Nilieleza nikitazama sakafu. Nilidhani atacheka, na ningeshukuru kama angecheka. Hakucheka. Alivuta kiti cha mwanafunzi akakaa.

"Mlikuwa wangapi mlioamini hilo?"

"Nadhani mimi peke yangu."

"Masele," akasema, "hakuna kiapo. Hakuna mtu aliyewahi kunyang'anywa digrii kwa kuongea na rafiki yake. Mimi ni mwalimu. Nafundisha siasa kama mwingine anavyofundisha hesabu, basi. Siku ile ya mama nilikuja kwako kwa sababu sikuwa na mwingine. Uliponiamkia, nikajua kwetu wamenitoa. Ndiyo maana niliacha kuandika."

Ndiyo yote aliyosema, mwanangu. Maneno machache, ambayo angeweza kuniambia nikiwa na meno yote, kama ningemuuliza.

Tulikwenda kula kwenye mgahawa wa karibu na chuo. Mhudumu alishangaa, akasema, "Leo Profesa ana mgeni!" na akaongeza sahani ya pili mezani kama anayetafuta mahali pa kuiweka. Siku hizi tunapigiana simu kila Jumapili. Nisikudanganye kwamba tunaongea sana. Dakika mbili tatu, kisha kimya, maana watu wengi wa kuwaongelea wamekufa na miaka ya katikati kila mmoja aliiishi bila mwenzake. Lakini hakati simu, na mimi sikati.

Basi shika hili. Ukiambiwa kwamba mtu wako amekuwa mkubwa mno kwako, usikae nalo moyoni ukilitunza. Nenda kwake ukamuulize mwenyewe, hata kama umevaa kandambili. Na usimkae mbali mtu kwa kisingizio cha kumlinda kabla hujamsikia akiomba kulindwa. Wewe utajiona mwema, yeye ataona ametupwa. Na wewe uliyesoma ukafika juu, rafiki wa utoto akikuinamia, usishushe mkono ukaondoka. Mshike bega, muulize ana nini. Huenda anakupenda kuliko wote waliopo pale, ila amejazwa upuuzi.

Mungu akupe mtu wa kukuita jina lako bila cheo mpaka uzee wako, na akikuita uwe karibu umsikie. Nenda salama, mwanangu.