Kutu ya Dola Saba za Bibi

Mimi nina mdomo. Tangu utotoni kwetu Mombasa mamangu alikuwa akiniambia, "Wewe mdomo wako utakuja kukuponza," nami namjibu palepale, kwa hiyo mnaona wenyewe. Lakini neno lililonikaa rohoni mpaka leo si tusi wala umbea. Ni neno dogo la jikoni: kutu.

Miaka ile nilikuwa Dubai, nafanya kazi katika ofisi ndogo ya Freezone, eneo la biashara isiyo na ushuru la uwanja wa ndege. Tulikuwa tukinunua na kuuza sarafu kuukuu, nyingi za Marekani. Mwenye ofisi, mzee mkimya tuliyemwita sir, ndiye aliyenifunza kazi. Kwanza mizani: dola ya fedha ya zamani inakaribia gramu ishirini na saba, ikipungua sana jiulize. Halafu sumaku, kwa sababu fedha haivutwi. Halafu unaiweka kwenye ncha ya kidole, unaigonga kwa kalamu na kutega sikio: ya kweli hulia ikaendelea kulia, ya bandia hukohoa ikanyamaza. Mwisho unaigeuza, unatazama kwa lenzi chini ya mkia wa tai. Hapo pana herufi ndogo mno zinazosema ilitengenezewa mji gani, na herufi hizo ndizo zinazotenga sarafu ya kununulia chakula cha mchana na sarafu ya kununulia gari.

Juu ya yote hayo sir alikuwa na sheria moja: usioshe. Ule weusi, na ile rangi ya buluu na kahawia inayojikalia juu ya fedha miaka na miaka, kwake ndiyo ngozi ya sarafu. Alikuwa na neno lake la Kiingereza la kuiita, tena alilitamka kwa upole. Nilimwelewa vizuri sana, kwa Kiingereza.

Sasa Bibi. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mtu wa Unguja, mjane, aliyeishi Al Baraha katika fleti ya zamani yenye harufu ya udi mpaka ndani ya makabati. Nilipofika Dubai sina pa kulala, shoga yake wa Mombasa alinipeleka kwake, akanilaza kwenye kochi lake miezi mitatu na chai ya asubuhi juu. Hata nilipohamia International City, kwenye chumba cha wanawake sita, kila Ijumaa nilikuwa kwake. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, tangu kabla sijamjua. Aliniona kivuli tu. "Nikitibiwa," alikuwa akisema, "kitu cha kwanza nataka nione sura ya huyu anayenipigia kelele miaka yote hii." Nami namwambia, "Utajuta, Bibi," tunacheka.

Ijumaa moja akanifungulia pindo la leso. Ndani mlikuwa na dola saba za fedha. Mumewe alikuwa mpishi wa meli, na kila walipotia nanga Marekani alibadilisha sehemu ya mshahara wake kuwa sarafu, kwa sababu, alivyosema marehemu, karatasi hulowa.

"Moja siiuzi, ndiyo ya kwanza kunipa," akasema Bibi. "Hizi sita nitazamie. Kama zitatosha macho yangu, basi."

Nikatoa mizani yangu mezani. "Bibi, hizi ni fedha."

"Alaa! Najua ni fedha. Ndiyo maana nikakuita."

Nikacheka, nikaendelea. Tano zilikuwa nzuri, za kawaida. Ya sita nikaigeuza, nikaweka lenzi, na chini ya mkia wa tai nikaona C, na ubavuni mwake C nyingine, alama ya mji uliotoa sarafu chache mno. Nikaigeuza tena kuangalia mwaka. Ulikuwa ule mwaka ambao sir akiutaja huteremsha sauti. Na ngozi yake, yarabi, nyeusi ya kuelekea zambarau, haijaguswa na mtu. Nikaiweka chini polepole. Nilijua bei yake, na nilijua bei ya hospitali, kwa sababu tulikwisha kuuliza. Macho yote mawili, na chenji ingebaki.

"Vipi, mbona kimya?" akauliza Bibi. "Wewe ukinyamaza naogopa."

"Hii moja ni ya thamani, Bibi. Macho yako yamepatikana, inshallah. Ina kutu kutu hivi, lakini usijali."

Ndivyo nilivyosema, kwa ulimi wangu huu usio na mfupa. Nilitaka kumtajia ile ngozi, na Kiswahili changu hakikunipa neno jingine. Kwetu kutu haijawahi kuwa nzuri, iwe ya sufuria au ya bati.

Nikaziacha kwake. Hilo nilidhani ni busara: chumba cha watu sita, kabati halina kufuli, basi limejaa. Nitazipitia Jumapili asubuhi nikienda kazini. Jumamosi nzima sikutulia. Nilijiuliza kama zile C ni za kubandikwa, maana matapeli hubandika. Nikajiuliza kama Bibi atazionyesha kwa jirani, kama mwizi atavunja mlango, kama sir atanicheka. Nilimpigia simu mara tatu kuuliza kama amefunga mlango, mpaka akanikaripia. Nilihofia kila kitu isipokuwa lile lililotokea.

Jumapili nikagonga mlango, nikamwamkia. Akaitikia huku amesimama, amevaa buibui kama anayekwenda harusini, akanikabidhi kifundo cha leso kwa mikono miwili.

"Nimekutolea kutu yote, mwanangu. Majivu ya chetezo na ndimu. Tangu jana nasugua. Siwezi kukupeleka kwa tajiri wako na vitu vichafu, ataniona sikufunzwa."

Nikafungua kifundo palepale. Ziling'aa kama sufuria za bibi harusi. Ile ya C mbili alikuwa ameisugua kwa bidii zaidi, kwa kuwa nilimwambia ndiyo ya thamani. Mashavu ya yule mwanamke wa kwenye sarafu yalikuwa laini, yamejaa mikwaruzo midogo midogo ya majivu.

Ningeweza kupiga ukelele. Nilikuwa na hasira hata sijui na nani. Lakini alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza upande ambao sipo, anangoja sifa zake. Nikasema, "Ahsante, Bibi. Umejitahidi." Nikashuka ngazi.

Kwenye metro nilikishika kile kifundo kwa mikono yote, kana kwamba kuna kitu kilichobaki cha kuibwa. Niliomba sir asione, na mimi ndiye niliyejua kuwa sir huona. Aliiweka ile sarafu chini ya taa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani kaosha hii?"

Nikamwambia. Hakugomba, afadhali angegomba. Akanieleza kuwa herufi ni za kweli, lakini sasa mnunuzi yeyote atashuku, maana wenye kubandika herufi nao husugua ili kuficha kazi yao. Ataichukua, kwa nusu. Zile tano kwa uzito wa fedha tu. Nikajaribu kubembeleza, akainua kiganja. "Khalas," akasema, yaani yamekwisha, na kwa sir khalas haikuwa na ndugu.

Nikapiga hesabu ngazini, nje ya ofisi, mara mbili, nikitumai nimekosea. Ilikuwa jicho moja.

Jioni ile nilikwenda Al Baraha nikiwa nimejipangia maneno ya kukiri njia nzima. Nilipofika, Bibi akaniwahi: "Haya, zilipendeza?" Basi maneno yote yakayeyuka. Nikasema zilipendeza sana, ila bei ya fedha imeshuka duniani kote. Bahati mbaya tu. Akasema Mungu hampi mtu macho mawili bila sababu, moja ni la akiba. Akaniambia nisihuzunike. Yeye ndiye aliyenipoza mimi.

Alipofanyiwa operesheni ya jicho la kulia nilikaa naye hospitali. Siku ya kuondolewa kitambaa sikwenda. Nilisema kazi, na kazi ilikuwepo, lakini ukweli ni kwamba nilimuogopa. Nilikaa karibu wiki nzima napiga simu tu, namchekea kwa sauti kubwa isiyo yangu.

Ijumaa nikaishiwa visingizio. Nilimkuta ameketi dirishani, amenipa mgongo nusu, ameinamia ile dola ya saba ambayo hakuiuza.

"Ni wewe? Viatu vyako navijua. Njoo hapa." Hakuinua uso. "Hebu ona hapa, kwenye nywele za huyu mwanamke. Unaona weusi?"

Nikaona. Ulikuwa umejibana kati ya mawimbi ya nywele, pale kidole kisipofika.

"Kutu," akasema. "Hii nayo niliisugua siku ile. Kwa vidole niliona nimemaliza, kumbe nimeibakisha. Na zile nyingine zilikuwa hivi hivi, sivyo? Ndiyo sababu wakanishushia bei, nawe ukaona haya kunambia." Akalowesha pindo la leso kwa mate, akaanza kusugua.

Nikamshika mkono. Nilisikia sauti yangu ikitoka ndogo. Nikamwambia, Bibi, acha, hiyo ndiyo iliyokuwa thamani. Nikamwambia juu ya ngozi ya sarafu, sheria ya sir, neno nililolikosa, na bei ambayo haikushuka popote duniani. Nikamwambia jicho lake la kushoto nimelipoteza mimi kwa neno moja.

Mkono wake ulitulia ndani ya wangu. Nje mtu alikuwa akirudisha gari nyuma, likilia pi, pi, pi, mpaka likanyamaza.

"Kuosha niliosha mimi," akasema. "Sikujua. Kunificha umenificha wewe, na ulijua."

"Nisamehe, Bibi."

"Nilikuwa mgonjwa wa macho, mwanangu. Masikio yangu yalikuwa mazima."

Kisha akaniinulia uso, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Jicho lake la kulia lilikuwa jeusi na safi, na lilinitazama taratibu, paji la uso, pua, huu mdomo. Nikatamani kugeuka, nikajizuia.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema.