Kiuno cha Kukalia

Hakuna suruali iliyobaki duniani ya kunishangaza mimi. Nilitoka Mpwapwa na darasa langu la nne na mkasi wa kuazima; leo nina cherehani sita hapa Majengo, na waheshimiwa wakija bungeni wananipigia simu wenyewe. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Basi jioni moja mke wangu akarudi kutoka kwenye meza yake ya mtama na karanga amevaa suruali bwanga ya kitenge, imejaa mapajani, imebana vifundoni. Nikatazama mshono. Mkono wangu naujua, na ule haukuwa wangu.

"Kakushonea nani?"

"Yule dada wa mlango wa pili."

Dada mwenyewe ana cherehani moja, na juzijuzi tu alikuwa akija kwangu kuomba vipande vya bitana. Mke wa fundi kashonewa nje. Ni sawa na mke wa mwenye bucha kuonekana kwenye foleni ya bucha la jirani.

Kesho yake nikamshonea ya kwangu. Nikaanza na kiuno, maana hapo ndipo fundi anapojulikana. Mpira niliudharau, huo ni wa sketi za shule. Kamba nayo ni ya nguo za kulalia. Nikamwekea mkanda wa suti, mgumu, zipu ubavuni, kulabu mbili. Nilimpima amesimama wima, kama ninavyowapima waheshimiwa. Ikamkaa kama picha.

Jumatatu akaivaa. Jumanne akavaa ya dada. Jumatano ya dada. Ya kwangu nikaikuta inaning'inia msumarini.

"Ina kasoro gani?"

"Haina, baba watoto. Nzuri."

"Sasa?"

"Nzuri ya kusimamia."

Nikaenda mlango wa pili, nikijifanya naazima chaki. Nikamkuta dada kamkalisha mteja kwenye kigoda, anampima kiuno hivyo hivyo alivyokaa. "Mama, kazi yako ya kukaa au ya kusimama?" Mkanda wa mbele anaufanya bapa, mpira anauweka nyuma tu, na nyuma anapandisha vidole viwili ili mtu akiinama suruali isishuke.

Mke wangu anashinda kwenye kigoda toka asubuhi, akiinama kuchota mtama. Miaka ishirini niko naye, sikuwahi kumpima amekaa.

"Shikamoo, fundi," akasema dada. "Na wewe nikukalishe?"

"Marahaba. Mke wangu anataka nyingine."

"Haina shida. Kipimo chake ninacho."

Kipimo cha mke wangu anacho yeye. Ningeweza kurudi nyumbani nimwambie mama watoto akae nimpime, lakini angeniuliza nimejifunza wapi. Afadhali hii ya pili aipokee mkononi mwangu. Nikaomba bei ya fundi kwa fundi. Dada akacheka, akaendelea kumpima mteja wake.

Nikalipa kama mteja yeyote, shilingi elfu kumi na saba na mia tano.