Ndila Aenda Kuona Vifaru

Kwa miaka mingi Ndila alishona mashati ya kaki ya madereva wa watalii, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuona mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wa jirani. Kibanda chake kilikuwa Ruiru mjini, nyuma ya soko. Alijua mfuko upi hubeba darubini na upi hubeba funguo. Alijua pia kwamba kola ndiyo huchakaa kwanza, kwa jasho na vumbi la mbugani. Vumbi lenyewe alilikung'uta tu mashati yaliporudi kubadilishwa kola.

Wazazi wake walikuwa Wakamba waliohamia mashariki ya Thika, chini ya mlima Kilimambogo. Utotoni aliutazama mlima huo kila asubuhi. Wageni waliupanda kuona nyati. Watu wa kwao walikwenda ukingoni kutafuta kuni na kurudi. Hata baada ya kuolewa, kuhamia Mugutha na kumzika mume, hamu ya kuona wanyama haikumtoka. Siku moja akasimama mbele ya chama chao cha kina mama akasema, "Mwaka huu tusinunuliane sufuria. Twende tukaone wanyama."

"Kweli," akasema Wanja, mwenyekiti, mwanamke asiyekosa neno. "Sufuria tumejaza nyumba. Sasa tutaanza kupika nini, sufuria zingine?"

Wakachagua mbuga ya Nakuru. Safari ikaahirishwa mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu ya mama yake Wakonyo.

Wakonyo, ambaye wote walimwita Mama Shiko, alipakana na Ndila ukuta kwa ukuta. Walikuwa wakiazimana chumvi, mwavuli na siri. Mama yake, ambaye watoto wake walimwita maitũ na wengine wote Cucu Mumbi, yaani Bibi Mumbi, aliishi Gatanga, juu kwenye mashamba ya chai. Huko kwao mzazi akiona siku zake zinakwisha huwaita watoto. Kila mmoja hupiga magoti, naye mzazi humtemea mate kidogo viganjani na kumtamkia baraka. Asiyefika hubaki nje ya maneno hayo, na hakuna mwingine awezaye kumpa. Cucu Mumbi alikuwa ameita mara mbili. Mara zote Wakonyo alikimbilia huko, mbuzi akachinjwa, bibi akanywa supu, na kesho yake akaamka akigombeza kuku.

"Huyo cucu si mgonjwa," Wanja alisema. "Hiyo ni hamu ya mbuzi." Wakonyo mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Ijumaa, mkesha wa safari, simu ya Ndila, Mama Kamene kama majirani walivyomwita, ililia. Alikuwa Kiama, kakake Wakonyo.

"Mama Kamene, habari ya huko? Simu ya Wakonyo haishiki."

"Iliingia kwa beseni ya nguo. Iko kwa fundi."

"Basi mwambie aje kesho mapema sana. Maitũ anatuita."

"Tena?"

"Tena. Mwambie tu."

"Nitamwambia."

Alikwenda kweli. Alimkuta Wakonyo mbele ya kioo, amevaa kofia pana ya majani aliyoinunua Githurai, akijigeuza huku na huku. Mezani kulikuwa na chapati moto zimefunikwa kwa kitambaa.

"Mama Kamene, ona! Si nafanana na mzungu ameungua na jua?"

Ndila akafungua mdomo. Akaliona akilini gari likikosa abiria mmoja, kisha wanawake wengine wakisema hatuwezi kumwacha mwenzetu, kisha safari ikifa mara ya tatu. Akaiona na ile supu. Atakunywa, ataamka, alijiambia. Kesho jioni nitasema.

"Nilikuja kuuliza kama umechemsha mayai," akasema.

Akarudi kwake, akazima simu.

Asubuhi walipanda gari la kukodi lenye paa la kufunguka. Dereva, kijana wa miraba minne aitwaye Calvince, alikuwa amevaa shati la kaki. Ndila akautambua mshono wake mwenyewe mabegani. Siku nyingine angeringa. Siku hiyo aligeuza uso akatazama nje.

Mbugani paa likafunguliwa, wanawake wakasimama juu ya viti. Pundamilia walivuka barabara bila haraka. Twiga akainamisha shingo juu ya mti wa mgunga, na Wanja akamuuliza kama anauza kimo kidogo. Kisha Calvince akazima injini, akanyoosha kidole. Vifaru wawili walikuwa wakila nyasi, karibu kiasi cha kusikia meno yao yakisaga. Walikuwa wakubwa, wa kijivu, wenye ngozi ya kukunjamana kama nguo iliyokosewa vipimo.

Hawa ndio wanyama ambao Ndila aliwangoja maisha yake yote. Aliwatazama na hakuwaona. Aliona kitanda cha Cucu Mumbi kule Gatanga.

Wakonyo akamwekea mkono begani. "Bila wewe hatungefika hapa," akamnong'oneza. "Mungu akubariki, dada yangu."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi.

Walisimama kula kwenye mwamba ulio juu ya ziwa. Kabla Wakonyo hajaketi, nyani dume alishuka mtini, akanyakua kitambaa chote cha chapati na kurudi nacho juu.

"Haiya! Wewe! Hata asante hakuna?" Wanja akapiga kelele. "Chukua basi na mayai, ukalishe kamati yako!"

Wakonyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Wacha nimhadithie maitũ. Kesho naenda moja kwa moja. Atanifanya nirudie mara kumi."

Hapo Ndila akashindwa. Akamshika mkono, akamvuta pembeni ya gari.

"Mama Shiko, Kiama alinipigia jana. Mama yenu anawaita. Mimi sikukuambia."

Kicheko cha Wakonyo hakikukatika ghafla. Kilififia polepole, kama mtu anayeamshwa.

"Jana? Ulipokuja kwangu?"

"Ndiyo."

"Ukaniuliza mayai."

Ndila akaiwasha simu, akampa. Wakonyo alizungumza na kakake kwa Kikuyu, maneno machache, kisha akairudisha bila kumtazama. Mama yake alikuwa hai. Wengine wote walikuwa wamepiga magoti asubuhi na kubarikiwa. Mama alikuwa ameuliza Wakonyo yuko wapi, akauliza tena. Tangu saa sita hakuwa amesema lolote.

Hakuna aliyelalamika safari ilipokatizwa. Wanja alikusanya vyombo mwenyewe, na njia nzima, Naivasha, Limuru, mpaka Thika, hakutoa mzaha hata mmoja. Calvince akapandisha gari mpaka Gatanga, jua likiwa limeegemea migomba.

Chumbani Wakonyo alipiga magoti na kofia yake mgongoni. Kiama akauinua mkono wa mama yao, akauweka kichwani pa dada yake. Midomo ya bibi ilitikisika. Kama ni baraka au ni pumzi tu, hakuna aliyeweza kusema.

Kiama akamgeukia Ndila aliyesimama mlangoni. "Mama Kamene, si nilikuambia jana?"

"Aliniambia," Wakonyo akasema haraka, angali magotini. "Ni mimi niliona ni ile ya mbuzi. Nilienda kutembea."

Shangazi mmoja akasonya, na msonyo ule ukamwendea Wakonyo.

Baadaye Ndila alimfuata uani. "Kwa nini umejibebesha?"

"Wangekufukuza hapa, na mazishi yakija nitakuhitaji jikoni." Wakonyo alikuwa akipangusa vumbi la safari kwenye sketi yake. "Nimekuficha, Mama Kamene. Kukusamehe ni kitu kingine. Hicho usiniulize leo."

Akaingia ndani. Shangazi akatoka na kikombe cha uji, akamshikisha Ndila kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Wewe ndiye umetuletea huyu msichana mpotevu. Marafiki kama wewe ni wachache siku hizi."

Uji ulikuwa wa moto na mchachu. Shangazi alisimama pale pale kungoja kikombe, na Ndila akaunywa wote.