Nguo Kumi na Mbili za Mwalimu Sindano

Waliomo chumbani ni hawa: wanafunzi thelathini na sita wa darasa la sita, watatu kwa kila kompyuta, mwalimu mkuu, mwalimu wa hisabati, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, fundi wa kompyuta, afisa elimu, ambaye ni mama mwenye miwani aliyeketi kiti cha nyuma akiwa na bahasha ya kaki mapajani, na mwalimu wa somo lenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye shule nzima humwita Mwalimu Sindano.

Ni Ijumaa, saa mbili na dakika tano asubuhi. Kompyuta zote kumi na mbili zinawaka. Kila mtu chumbani, pamoja na watoto, anaitazama saa ya ukutani.

"Somo letu ni la dakika arobaini," anasema Mwalimu Sindano, akiweka kiganja juu ya meza kana kwamba anaituliza. "Tunaandika barua kwa mtu tunayempenda. Tuanze."

Vidole vinaanza kutafuta herufi.

Ndani ya bahasha ya afisa elimu mna barua iliyokwisha kuandikwa. Inaagiza kompyuta hizo zihamishiwe shule nyingine ambako, kama inavyosema, "zitatumika ipasavyo." Inasubiri sahihi tu. Afisa amekubali kutazama somo moja kabla ya kuitia, na sharti lake ni moja: somo lifike mwisho.

Sharti hilo laweza kuonekana jepesi kwa asiyejua yaliyopita. Muhula mzima, hakuna somo la kompyuta katika chumba hiki lililovuka dakika ya ishirini na tano mashine zote zikiwaka.

Mwalimu Sindano hakusomea kompyuta. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha ushonaji katika chumba hiki hiki, kwa cherehani sita za kukanyaga. Mtaala mpya ulipokuja, cherehani zikahamishiwa chumba cha pili, na mwalimu mkuu akaanza kutafuta mtu wa kufundisha somo jipya.

"Nilimwendea kwanza mwalimu wa hisabati," anakumbuka mwalimu mkuu. "Akaniambia mgongo unamuuma. Nikawaza, ni nani hapa shuleni ambaye mashine zake hazijawahi kulala bila kutengenezwa? Jibu lilikuwa moja."

"Mgongo uliniuma kweli," anajitetea mwalimu wa hisabati.

"Ulipona siku ya pili, mdogo wangu," anamjibu Mwalimu Sindano. "Nilikuona unacheza mpira na watoto."

Alipelekwa kwenye mafunzo ya siku tano. Siku ya kwanza alijifunza kuwasha, na siku hiyo hiyo akajifunza kwamba kuzima kwa kuchomoa waya ukutani ni kosa. Alirudi na daftari lenye kurasa themanini za maandishi yaliyonyooka, kila kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Katika ukurasa wa kumi na mbili aliandika maneno ya mkufunzi wake, akayapigia mistari miwili: "Vumbi ni adui wa kompyuta."

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa balaa lote.

Kwanza, hata hivyo, yafaa ieleweke jinsi anavyofundisha. Mtaala unataka mwanafunzi aanze na sehemu za kompyuta na majina yake. Yeye huanza na kile ambacho mikono ya watoto tayari inakijua. Kipanya hushikwa kama chaki ya fundi wa nguo, kwa wepesi, kwa sababu anayeibana chaki huchora mstari uliopinda. Kuhifadhi kazi ni kupiga fundo.

"Umeshona suruali nzima, hukupiga fundo, mwenye suruali anainama mbele za watu. Nini kitatokea?" huwauliza.

Darasa hucheka kabla ya kujibu. Tangu hapo hakuna mtoto anayesahau kuhifadhi. Wakiandika mistari mitatu, utawasikia wakikumbushana kwa kunong'ona: "Piga fundo, piga fundo."

Kufuta kilichokosewa anakuita kufumua. "Nilipokuwa nafundisha ushonaji, mtoto akikosea, alificha kitambaa chini ya meza," anaeleza. "Ilinichukua miaka kuwafundisha kwamba kufumua ni sehemu ya kushona. Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi. Huachi hata tundu."

Basi, aliporudi kutoka mafunzoni na onyo lake juu ya vumbi, alifanya kile ambacho yeye peke yake angekifanya. Alizishonea kompyuta nguo.

Hazikuwa mashuka ya kutupia juu tu. Alipima kila kasha kwa futi ya kamba, urefu, upana na kimo. Alichagua kitambaa kizito cha buluu, akatia bitana ndani. Nyuma aliacha matundu madogo ya kupitishia waya, yakibana vizuri. Mbele, mahali pa swichi, alidarizi tundu la kifungo, ili mwanafunzi aweze kuwasha bila kuvua nguo. Kifuani pa kila moja alidarizi namba, tangu moja hadi kumi na mbili, kwa uzi wa manjano. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu za jioni.

Mumewe, mwashi mstaafu, aliifuatilia kwa kijicho. "Mke wangu," alimwambia, "shati langu hili lina vifungo viwili, na lilizaliwa na saba. Kompyuta zina suti. Niambie nifanyeje, nikae mezani nijiwashe?"

Masomo yakaanza, na kompyuta zikaanza kufa. Dakika ya kumi na nane, moja kimya. Dakika ya ishirini, mbili nyingine. Zilizimika bila onyo wala maneno. Ukiziwasha papo hapo, zilikaa dakika tatu na kuzima tena.

"Dada, mashine zako zina usingizi wa mchana," mwalimu wa hisabati alimtania katika chumba cha walimu. Mwalimu Sindano alicheka pamoja naye, lakini chai yake ilipoa mezani.

Fundi aliitwa. Alikuja mara tatu, na kila mara mambo yalienda vilevile. Alizivua nguo, akafungua makasha, akapima, akaziacha zikiwaka saa nzima. Hazikuzima hata mara moja. Alibadilisha nyaya, akakagua soketi, akaandika kwenye fomu yake: "Hakuna hitilafu."

"Kila nikija zinapona," anasema fundi huyo, kijana mpole mwenye bisibisi sikioni. "Nikaanza kuamini zinanipenda. Na nikimaliza, Mama Mwalimu anasimama hapa pembeni: 'Mwanangu, zivalishe kama ulivyozikuta.' Basi nazivalisha, tena vizuri, nalinganisha mpaka tundu la kifungo. Naondoka. Kesho yake napigiwa simu."

Mwalimu Sindano hakuwa na elimu ya kufungua kasha, lakini alikuwa na mpangilio. Alifungua daftari kubwa, akalipa jina Daftari la Hitilafu, akalichora safu tano: tarehe, namba ya mashine, ilizimika dakika ya ngapi, iliandika nini, ulijaribu nini. Kanuni ikawa moja. Mashine ikikataa, mwanafunzi hamwiti mwalimu kwanza. Anasoma skrini kwa sauti, anatazama kama jirani zake wanawaka, anafuata waya kwa mkono toka kasha hadi ukutani, kisha anaandika. Akimaliza hayo ndipo anyooshe kidole.

Kufikia mwisho wa mwezi wa pili wa masomo, daftari lilikuwa na hitilafu sitini na moja. Kufikia siku hiyo pia, mwalimu mkuu alikuwa amepokea simu kutoka ofisi ya elimu. Kompyuta kumi na mbili zisizofanya kazi, aliambiwa, ni bora ziende kwa wanaoweza kuzitunza.

"Neno hilo, kuzitunza, liliniuma kuliko kuhamishwa kwenyewe," anasema Mwalimu Sindano. "Mimi sikuzitunza?"

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, aliketi uani na daftari, rula na kalamu nyekundu. Alihesabu hitilafu za kila mashine peke yake. Namba moja, sita. Namba mbili, tano. Alishuka hivyo hivyo, na alipofika namba saba kalamu ikasimama. Kwa wiki mbili zilizopita, namba saba haikuwa imezimika hata mara moja.

"Namba saba ina nini?" alijiuliza kwa sauti.

Mumewe, aliyekuwa akisoma gazeti, alinyoosha kidole bila kuinua macho. "Namba saba si ile pale kwenye kamba? Mbona haikauki?"

Pale kwenye kamba ilining'inia nguo ya buluu yenye namba saba ya manjano. Mwanafunzi aliimwagia wino wiki mbili nyuma. Mwalimu aliileta nyumbani, akailoweka kwa ndimu mara tatu, na mvua ikamzuia kuirudisha.

"Niliitazama ile nguo," anasimulia. "Kisha nikaanza kucheka. Mume wangu akadhani nimepata habari mbaya."

Mtu mwingine angekimbilia kuzivua zote. Yeye alitaka uhakika. Jumatatu asubuhi alizivua mashine za namba shufwa tu na kuziacha za namba witiri zimevaa, ila ile ya saba ambayo haikuwa na cha kuvaa. Dakika ya kumi na tisa, namba moja ikazima. Ikafuata tatu, kisha kumi na moja. Namba shufwa zote ziliendelea kuwaka, na namba saba pamoja nazo.

Msichana wa namba tatu, kiranja wa chumba, aliweka mkono juu ya kasha lililozima, akautoa upesi.

"Mwalimu, hii ina homa!" alisema. "Tumezivalisha sweta juani!"

Kasha la kompyuta lina feni inayosukuma hewa ya moto itoke kupitia vijitundu vya nyuma na ubavuni. Kitambaa kizito chenye bitana kilikuwa kimeviziba vyote. Mashine ilipozidiwa na joto, ilijizima ili isiungue. Zilikuwa nzima, zikijiokoa.

Saa nne kamili, Mwalimu Sindano alibisha hodi ofisini.

"Mkuu, mwizi ni mimi."

"Mwizi wa nini tena?"

"Wa zile dakika zote."

Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akaegemea kiti, akacheka mpaka akatafuta leso. Halafu akainua simu na kumwomba afisa elimu somo moja tu.

Somo hilo ndilo hili. Dakika ya kumi na nane inapita, na darasa zima linashusha pumzi. Ya ishirini na tano inapita, na mwalimu mkuu anajisahau na kupiga kofi moja. Katika kona, nguo kumi na mbili zimekunjwa ndani ya kapu.

Dakika ya ishirini na nane, namba nne inakuwa nyeusi.

Afisa elimu anavua miwani. Mwalimu Sindano anapiga hatua moja, kisha anajizuia na kufumbata mikono nyuma.

Kwenye namba nne, msichana mdogo mwenye sauti nzito anaitazama skrini. "Haikuandika kitu," anasema kwa sauti, kama alivyofundishwa. Anageuka kushoto na kulia. "Jirani zangu wanawaka, umeme upo." Anaweka mkono nyuma ya kasha na kuufuata waya kwa vidole, chini ya meza, sakafuni, hadi kwenye kiatu kikubwa cheusi kilichoukanyaga na kuuvuta utoke.

Kiatu ni cha mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

"Shikamoo," anasema mtoto kutoka chini ya meza. "Naomba mguu."

"Marahaba, mwanangu. Jamani! Naomba radhi," mwenyekiti anasema, akiukunja mguu kama anayeficha kitu cha wizi.

"Mzee, tulijua unazipenda kompyuta zetu," mwalimu wa hisabati anamwambia, "ila usizihamishe kwa miguu."

Kicheko kinajaa chumba. Msichana anachomeka waya, anabonyeza swichi na kusubiri, mikono kifuani. Barua inafunguka. Amepoteza mstari mmoja tu, kwa sababu alikuwa amepiga fundo.

"Nani amekufundisha kufanya hivyo?" afisa elimu anamuuliza.

"Ni kanuni, Mama. Kabla ya kuita, unafuata waya." Kisha anachukua Daftari la Hitilafu na kuandika: hitilafu ya sitini na tano, namba nne, dakika ya ishirini na nane, kiatu.

Saa mbili na dakika arobaini na tano, kengele inalia. Mashine kumi na mbili zinawaka. Afisa elimu anaitoa barua katika bahasha, anaandika neno moja juu yake kwa wino mwekundu, "Imesitishwa," na kumkabidhi mwalimu mkuu. Kisha anaomba daftari. Analisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mwalimu, sura ya hitilafu ni ya mwisho kwenye mtaala," anasema. "Wengi hawaifikii."

"Sisi ilitukuta mlangoni, Mama."

Miaka mitatu imebaki kabla ya Mwalimu Sindano kustaafu. Anataka, anasema, siku atakapokabidhi funguo, pasiwe na mtoto katika shule hii anayeiogopa mashine iliyonyamaza. Anamtazama mwalimu mkuu, naye anatikisa kichwa kukubali. Ndipo anapolichukua lile kapu, kuliweka mezani, na kupiga makofi mawili kutaka utulivu.

"Sikilizeni wote, na wageni wetu pia. Kuanzia muhula ujao, darasa la nne na la tano watajiunga nasi, na somo lao la kwanza litakuwa hili la leo: ikikataa, nifanye nini. Mfano wa kwanza ubaoni utakuwa kosa langu, nitaliandika mwenyewe. Na hizi," anainua nguo ya namba saba, doa la wino likiwa bado linaonekana, "hazitupwi. Zitavaliwa baada ya masomo, mashine zikishazimwa na kupoa. Kuanzia leo ni nguo za kulalia. Asubuhi, kabla ya kugusa swichi, kila mtu anamvua wake."