Swali Nililouliza Siku ya Kuchagua Mwenyekiti

Nilirudi Machakos na begi moja na buti za mjengo. Nilikuwa nimetoka Konza, kabla ya hapo Voi, na kabla ya Voi, Kitale. Mama hakuniuliza nitakaa siku ngapi. Tangu nimalize kidato cha nne amezoea kunipikia kama mgeni. Aliniambia tu, "Jumamosi utanisindikiza mkutano."

Mkutano wenyewe ulikuwa wa shirika linalosaidia familia zilizopoteza watu kwa bunduki. Mama alijiunga baada ya mdogo wangu kuuawa. Mdogo wangu alishona suruali katika kiwanda kimoja huko EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Jioni ya siku ya mshahara majambazi walimsimamisha njiani, wakachukua simu na pesa, halafu wakampiga risasi ingawa alikuwa ameshatoa kila kitu. Hawakukamatwa. Mimi nilikuwa Kitale, simu yangu imezimwa kwa siku nne. Nilipofika nyumbani, watu walikuwa wakirudisha viti vya mazishi.

Kwa hiyo yale ambayo mtoto wa kwanza angefanya, shirika ndilo lililoyafanya. Walikwenda na mama mochari. Walikaa naye polisi alipoandika maelezo. Aliyelianzisha shirika hilo alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Sasa magoti yalikuwa yamemshinda na alikuwa anahamia Embu kwa binti yake, na bodi ilihitaji mwenyekiti mpya.

Walikuwa wakikutana katika ukumbi wa kanisa pale mjini. Mama alikuwa na mahali pake, benchi la dirishani, kando ya mama mmoja muuza mboga kutoka Kola. Waliitana mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, kama watu waliotoka tumbo moja. Huyo mwenzake alileta muthokoi ya mahindi na maharagwe kwenye mkebe, mama akaleta chai, wakala kwa kijiko kimoja. Nilipomsalimu, alinipima kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe huyu ndiye msafiri? Nilidhani mama yako anatunga."

"Niko, mama."

"Uko leo. Kesho tutakutafuta kwa redio."

Mama alicheka mpaka akafunika mdomo kwa leso. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mdogo wangu azikwe, na nilishangaa kwamba kulikuwa na mtu aliyejua kilipofichwa.

Waliopendekezwa walikuwa wawili: huyo mama wa Kola, na mzee mmoja mchunga ng'ombe wa ranchi. Katiba yao ilisema kura zisimamiwe na mtu asiye mwanachama. Nesi akatazama huku na huku, akaniona.

"Wewe kijana, umesoma. Njoo mbele."

Nikaenda. Nimeona chaguzi nyingi katika kuzunguka kwangu, za vibarua na za wachuuzi, na kila mahali mgombea hujieleza. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Kabla ya kupanga mlolongo wa kura, kila mgombea atuambie alimpoteza nani, na ilikuwaje."

Nesi aliinua mkono kidogo, lakini mzee alikuwa ameshasimama. Akaeleza jinsi mke wake alivyokwenda kuchota maji, wezi wa mifugo na askari wakafyatuliana risasi, moja ikampata. Akaketi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ukumbi ule ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ungeweza kumtaja marehemu wako, umri wake, chakula alichopenda, alivyokuwa akikasirika. Hakuna aliyekuuliza risasi ilitoka kwa nani. Ndiyo maana watu wa kila aina ya msiba waliweza kukaa benchi moja.

Mama wa Kola akasimama. Angeweza kudanganya. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

"Mwanangu alipigwa risasi na polisi," alisema. "Huko Athi River. Polisi walisema yeye na wenzake walikuwa watatu, wako na bunduki, wanavizia watu wa kiwanda wakitoka kazini. Mimi sikumlea hivyo. Lakini siwezi kuwaapia. Miezi ile ya mwisho aliniletea vitu nyumbani, na sikumuuliza amevitoa wapi."

Aliketi pale pale alipokuwa, kando ya mama. Hakumtazama. Mama alisogea. Hakusogea sana, kama upana wa mkono hivi.

Nikawaambia wapange mlolongo, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Watu wakajipanga nyuma ya mmoja au wa pili. Ajuza mmoja akamkemea aliyekuwa nyuma yake, "Usinisukume, hii si foleni ya unga!" Wachache wakacheka. Mama alibaki kwenye benchi mpaka kila mtu amesimama, kisha akachukua kiondo chake, akampita mwenzake na akatoka nje.

Nilihesabu mara mbili. Mama wa Kola alishinda kwa watu wanne. Walipompigia makofi alikuwa akitazama mlango.

Tulipofika kwenye kona ya kwetu tukirudi nyumbani, nikamwambia:

"Mwaitu, nisamehe. Sikujua."

"Ungejua vipi? Hukuwepo."

"Lakini si lazima awe ni yule kijana wake. Athi River ni kubwa."

"Kwani nimesema ndiye?" Akasimama. "Huyo mama alikuwa mochari siku zile zile, amemfuata wake, akanishika kiuno wakati miguu ilikataa. Nilimlilia begani. Sikuwa na haja ya kujua kitu kingine. Sasa kila nikimwona nitawaza. Hata kama si yeye, nitawaza. Hiyo ndiyo zawadi umeniletea kutoka safari zako."

Mwezi uliofuata hakwenda. Alisema ana kazi shambani, na shambani hapakuwa na kitu, mvua ilikuwa haijanyesha. Ndipo mwenyekiti mpya aliponipigia simu mimi.

"Mwambie nitaacha hiki cheo. Kama ndicho kinamzuia, nitaacha leo."

Nilimkuta mama akichambua maharagwe, nikampa ujumbe. Alichambua mengine mengi kabla ya kujibu.

"Asiache. Wale akina mama wanaoletwa wakiwa wapya, nani atawashika? Mimi naujua mkono wake."

"Na wewe utarudi?"

"Nitarudi. Lakini asikae karibu na mimi."

Nilimsindikiza tena, begi langu likiwa limeshafungwa, kwa maana nilikuwa nimepata kibarua Isiolo. Mama aliketi karibu na mlango, katikati ya wanaume. Nesi alikuwa ameshahamia. Mwenyekiti alifungua daftari la mahudhurio, akaanza kusoma majina moja moja. Alipofika kwa mama, alilisoma jina lake lote, yale majina matatu, kama anavyosomewa mtu usiyemfahamu.

"Niko," mama alisema, akitazama sakafu.

Mwenyekiti akatia alama, akaendelea na jina lililofuata.