Moto wa Mama Kwenye Mahame

Enzi zetu, sisi tuliokulia ufukweni jirani na Kasanga, jioni zetu zilianzia chini ya mnara wa taa, ule wa mawe ulioachwa na Wajerumani. Tulicheza rede pale mpaka mlinzi wake aje na kopo la mafuta. "Tokeni hapo, mtaniangusha!" Tunakimbia, tunacheka, akishapanda ngazi tunarudi.

Lakini taa ile peke yake haikutosha, maana kulikuwa na miamba. Baba alikuwa nahodha wa boti ya mizigo, akipeleka dagaa Zambia, na njia yake ya kuingia nyumbani ilikuwa moja tu: taa ya mnara kulia, moto wa mama kushoto, pita katikati. Ndiyo maana mama alipikia nje, akiwa ametazama ziwa. Ugali wa ulezi, migebuka ya kukaanga, moshi machoni, we acha tu!

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, juu barabarani. Tukaezua paa, tukaondoka nalo. Baba yuko ziwani, hana habari.

Jioni ileile mama akanishika mkono, tukashuka. Akawasha moto palepale, mbele ya kuta tupu. Jioni ya pili balozi wa nyumba kumi akatufuata, kavimba kwa hasira.

"Mama Felista, kurudi mahameni ni marufuku!"

"Balozi, sisi tumehama. Mwenzangu huko ziwani, nani kamwambia?"

Balozi akageuka, akapanda zake. Kesho yake alishuka na mzigo wa kuni begani, akautua, akakaa nasi.

Jioni ya nne tukasikia injini. Jamani, niliogopa! Nilifumba macho mpaka boti ikapita miamba salama. Baba akapanda, akatazama kuta, akatazama juu.

"Mke wangu, paa liko wapi?"

"Tumehama."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nakusubiri wewe."

Baba akakaa mchangani, akalia. Sikuwahi kumwona akilia tena.

Vijana wa siku hizi wana raha zao. "Poa mama, niko njiani," kumbe hata shuka hajalitoa mwilini! Mimi niko Sumbawanga mjini, mwanangu yuko Dar na simu zake mbili, na hii ni wiki ya tatu sijui kama ni mzima.